Farasi wa Wamongolia na Msamiati wa Kiswahili

Makala haya yanachunguza swali lililozuka darasani Morogoro, wanafunzi walipotakiwa kueleza kwa Kiswahili mchoro wa Marzan Sharav (1869–1939), "Siku Moja ya Mongolia", wenye mandhari ya nyika, mahema, wafugaji na farasi. Maneno yaliwaishia, na mmoja akahitimisha kwamba lugha yetu ni maskini. Hukumu hiyo haina msingi.

Katika Kimongolia jina la jumla la farasi ni mori. Lakini dume asiyehasiwa ni azarga, jike ni güü, mtoto wa mwaka wa kwanza ni unaga, wa mwaka wa pili ni daaga. Maziwa ya majike huchachushwa kuwa airag, kinywaji cha kukirimia wageni. (Mori yetu, ile impandayo mtu aliyeghadhibika, haina nasaba na neno hilo.) Kiswahili kina farasi, neno lenye asili ya Kiarabu, kisha hutegemea virai: farasi dume, farasi jike, mtoto wa farasi. Hata hivyo, kwa ng'ombe lugha hiyo hiyo ina fahali, maksai, mtamba na ndama.

Chanzo cha tofauti hiyo kimo katika mazingira, hususan mbung'o. Mwaka 1871 Stanley aliondoka Bagamoyo na farasi wawili. Wote walikufa Kingaru, kabla hajafika Simbamwenni, mji uliokuwa Morogoro chini ya Milima ya Uluguru. Mmoja alipopasuliwa alikutwa na minyoo tele, kwa hiyo si haki kumtwisha mbung'o kila kifo. Lakini katika miaka ya 1890 David Bruce, akiwa Zululand, alithibitisha kwamba mbung'o hueneza vimelea vya nagana, maradhi yanayoua farasi. Zanzibar masultani walifuga farasi. Bara mizigo ilibebwa na binadamu, na huko ndiko msamiati ulikostawi: mpagazi, ngata, mzegazega. Mwanafunzi aliyelalamika alikulia kwenye miteremko ya Uluguru na aliyajua yote matatu.

Kwa mfasiri, basi, napendekeza mwana-farasi kwa unaga, kwa kufuata mwana-punda wa Biblia. Ndama nalikataa, kwani tayari lina mwenyewe. Daaga na aitwe tu farasi wa mwaka wa pili. Kirai si aibu. Airag, ambayo haina mfano kwetu, ibaki airag.