Sahihi Haitoshi: Mkataba wa Pamoja Lazima Usajiliwe Mahakamani

Mkataba mpya wa mishahara unapotiwa sahihi, picha husambaa siku hiyo hiyo: viongozi wa chama na maafisa wa serikali wameshikana mikono, kalamu na makabrasha yako mezani, kamera zinamweka. Kwenye makundi ya WhatsApp wanachama hupongezana, na wengine huanza kupigia hesabu nyongeza ambayo hawajaipokea. Kisha miezi hupita na hati ya mshahara inabaki vile vile. Hapo ndipo simu za matawini huanza kulia, na lawama huwa ni zile zile: chama kimetuuza, mwajiri ametuchezea, mkataba wenyewe ulikuwa danganya toto.

Kijitabu hiki ni cha mfanyakazi wa umma nchini Kenya aliyewahi kutoa lawama hizo: muuguzi wa kaunti, mwalimu, karani, daktari mwanagenzi. Kinazungumzia hasa hatua moja, ambayo waajiri wanaijua vyema na wanachama wengi hawajawahi kuelezwa. Mkataba wa pamoja huwa na nguvu ya kutekelezwa kisheria pale unaposajiliwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kabla ya hapo, mwajiri anayetaka kukwepa ana mlango wa kutokea.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma, na kinavipa vyama haki ya kujadiliana na waajiri kwa niaba ya wanachama. Haki hizo zilipiganiwa, na vyama vya wafanyakazi vina kila sababu ya kujivunia kazi hiyo. Lakini Katiba haikuandika kiwango cha mshahara wa mtu yeyote. Kiwango hicho huandikwa kwenye mkataba wa pamoja, na njia yake imepangwa na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007.

Sheria hiyo inataka mkataba uwe wa maandishi na utiwe sahihi na pande zote mbili. Baada ya hapo mwajiri ana siku 14 za kuuwasilisha mahakamani ili usajiliwe. Akikaa kimya, chama chenyewe kinaruhusiwa kuuwasilisha. Sentensi hii ya mwisho isomwe tena. Kuchelewa kwa mwajiri si sababu ya chama kukaa kitako, na mwanachama ana haki ya kumuuliza katibu wa tawi lake ni nini kimefanyika tangu siku 14 zilipokwisha.

Mahakama nayo haipigi muhuri kila karatasi inayoletwa. Inaweza kukataa kusajili mkataba unaokiuka sheria. Katika utumishi wa umma kuna kizingiti kingine: Katiba, katika Kifungu cha 230, imeipa Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, jukumu la kuzishauri serikali kuu na serikali za kaunti kuhusu malipo ya watumishi wao. Mkataba uliojadiliwa bila SRC kushirikishwa unaweza kuporomoka hata baada ya sherehe.

Siku 100 za madaktari

Anayedhani haya ni mambo ya mawakili peke yao na aangalie yaliyowapata madaktari. Juni 2013 chama chao, KMPDU, kilitia sahihi mkataba na Wizara ya Afya. Uligusa mishahara, na uligusa pia mazingira ya kazi katika hospitali za umma. Haukusajiliwa. Madaktari walipodai utekelezwe, serikali ilijibu kwamba mkataba usiosajiliwa, na ambao SRC haikushirikishwa, hauibani.

Desemba 5, 2016, madaktari waliweka chini vifaa vyao. Wagonjwa wasio na uwezo wa kwenda hospitali za kibinafsi walibaki bila wa kuwatibu. Mwezi Februari 2017 viongozi saba wa chama walihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja kwa kudharau amri ya mahakama iliyowataka kusitisha mgomo. Siku mbili baadaye Mahakama ya Rufaa iliwaachilia ili mazungumzo yaendelee. Mgomo ulikoma Machi 14, baada ya siku 100. Taifa zima liliumia, na chanzo kimojawapo kilikuwa karatasi iliyotiwa sahihi ikakosa namba ya usajili.

Safari iliyofuata KMPDU haikurudia kosa hilo. Mkataba wa 2017 hadi 2021 ulisajiliwa mahakamani, na faida yake ilionekana miaka saba baadaye. Mwaka 2024 serikali ilitaka kuwalipa madaktari wanagenzi shilingi 70,000 kwa mwezi, ilhali mkataba ulisema 206,400. Madaktari waligoma tena, siku 56, kuanzia Machi 14 hadi Mei 8. Usajili haukuzuia mgomo huo, na hakuna anayepaswa kudanganywa kwamba karatasi hujilipa yenyewe. Lakini safari hii hakuna aliyeweza kusema mkataba haupo. Wanagenzi walikuwa na tarakimu ya kushika, na Desemba 2024 serikali ilikubali walipwe kulingana na mkataba ule ule wa 2017. Huo ni ushindi wa wazi wa chama, na ulijengwa siku mkataba ulipoingizwa kwenye rejesta ya mahakama.

Walimu na hukumu iliyofutwa

Walimu walipitia njia tofauti, wakajikwaa kwenye kizingiti kile kile. Juni 30, 2015, jaji aliwapa nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Serikali ikasema haina fedha, walimu wakagoma Septemba, na shule zikafungwa. Novemba mwaka huo Mahakama ya Rufaa iliifuta nyongeza yote, ikasisitiza kwamba ushauri wa SRC hauwezi kurukwa. Walimu waliokuwa wamekwisha kuipangia fedha hiyo matumizi walibaki mikono mitupu.

Onyo kuhusu mgomo

Mkataba usiposajiliwa, hasira huwasukuma wanachama kugoma papo hapo. Wasithubutu. Mgomo hulindwa na sheria pale tu mgogoro unapohusu masharti ya kazi au kutambuliwa kwa chama, usuluhishi ukishindikana, na mwakilishi wa chama akitoa ilani ya maandishi ya siku saba kwa mwajiri na kwa Waziri. Anayegoma nje ya utaratibu huo anahesabiwa kuwa amevunja mkataba wake wa kazi: anaweza kuadhibiwa, na hana malipo ya kudai kwa siku alizogoma. Ujumbe wa WhatsApp si ilani ya mgomo. Walio katika huduma muhimu, zikiwemo hospitali na maji, wanabanwa na masharti makali zaidi, na wayapate kwa maandishi kutoka ofisi ya chama kabla ya kuchukua hatua yoyote.

Mwanachama afanye nini

Kwanza, aombe nakala ya mkataba wenyewe, asitosheke na muhtasari wa mkutano. Afungue ukurasa wa mwisho. Atazame sahihi za pande zote mbili na tarehe. Kisha atafute muhuri wa mahakama na namba ya usajili, ambayo kwa kawaida huanza na herufi RCA, ikifuatwa na tarakimu na mwaka. Sahihi zikiwepo na namba ikikosekana, mkataba huo bado haujafika.

Pili, alinganishe hati yake ya mshahara na jedwali la viwango mwishoni mwa mkataba, mstari kwa mstari, na atunze hati za kila mwezi pamoja na barua yake ya ajira. Madai ya malimbikizo husimama kwa hati hizo.

Tatu, swali hili liwekwe kwenye ajenda ya kila mkutano wa tawi mpaka lijibiwe: mkataba wetu umewasilishwa mahakamani lini, na namba yake ni ipi? Katibu asiye na jibu apewe tarehe ya kulileta, iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na tarehe hiyo ikipita bila jibu, tawi liandikie makao makuu kudai kwamba chama chenyewe kiwasilishe mkataba, kama sheria inavyokiruhusu.