Zoezi la Ufahamu na Ufupisho: Simu Inapodai Nywila Usiyoijua

Dokezo kwa mtahiniwa

Kifungu chenye istilahi za teknolojia kisikutishe. Majibu yamo humohumo ndani ya kifungu. Kisome mara mbili: kwanza upate wazo kuu, kisha urudi ukiwa umeshayaona maswali. Kila mahali simu inapodai nywila, yaani neno la siri, jiulize: hili ni kufuli gani, na ufunguo wake anao nani?

Soma kifungu cha habari kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Alfajiri moja, mama mmoja muuza samaki wa Bagamoyo alikuwa akipokea mzigo kutoka kwenye ngalawa, simu yake ikatumbukia baharini. Maji ya chumvi hayakuisaza. Ndani ya simu ile mlikuwa na picha za marehemu mumewe, na kwenye WhatsApp aliandika madeni ya wateja wake, kuanzia Mapinga hadi Bunju. Binti yake wa kidato cha nne alimtuliza: "Usihofu mama, nakala rudufu ipo." Wakairudisha laini kwanza, kisha wakanunua simu nyingine ya Android iliyokwisha kutumika.

Walipoiwasha ili warejeshe vitu vyao, simu ikadai akaunti wasiyoijua. "Mwanangu, hii si ya wizi hii? Tuipeleke kwa fundi aivunje," mama akasema. "Subiri mama, tusome kwanza inauliza nini," binti akajibu. Skrini ilieleza wazi kwamba simu ilikuwa imefutwa, na kwamba ingefunguka kwa akaunti iliyokuwamo awali. Kumbe lilikuwa kufuli la mmiliki wa zamani. Ulinzi wa namna hii uliingia katika iPhone mwaka 2013 na katika Android mwaka 2015, ili mwizi asifaidi simu kwa kuifuta tu. Hapo nywila yoyote ya mama isingefaa kitu. Walirudi dukani, muuzaji akamwita aliyemuuzia, naye akaingiza akaunti yake na kuiondoa. Asingepatikana, lingebaki jambo moja tu: kurudisha simu na kudai fedha.

Kufuli la pili lilikuwa la akaunti ya Google ya mama mwenyewe. Nakala rudufu hukaa chini ya akaunti iliyotumika kwenye simu ya zamani; ukifungua akaunti mpya, utakuta patupu. Akaunti ya mama ilifunguliwa na fundi siku simu ya kwanza iliponunuliwa, na mama hakuwahi kuambiwa nywila yake. Bahati nzuri, namba iliyoandikwa kwenye akaunti ilikuwa ya mama, hivyo tarakimu za uthibitisho zikaja kwenye laini iliyorudishwa, wakaweka nywila mpya. Kufuli la tatu likawa namba ya siri ya skrini ya simu iliyozama, kwa kuwa nakala rudufu ya Android hufungwa kwa namba hiyo. Hiyo mama aliijua kwa moyo.

Picha zilizohifadhiwa kwenye akaunti zikaanza kushuka moja moja. Mama akazitazama kimya. Lakini WhatsApp ilikuwa na kufuli lake la nne. Tangu mwaka 2021, mtumiaji anaweza kuifunga nakala ya mazungumzo yake kwa nywila ya pekee, au kwa ufunguo wenye herufi na tarakimu 64, hata kampuni yenyewe isiweze kuifungua. Mpwa wa mama ndiye aliyewasha ulinzi huo zamani, akaweka nywila, na sasa alikuwa ameisahau. Simu ya zamani ingekuwa hai, wangeibadilisha nywila humo. Haikuwa hai. Mama akalazimika kuwapitia wateja mmoja mmoja. Wapo waliolipa, na wapo walioruka.

Wenye iPhone hukutana na jambo jingine. Programu na nyimbo hubeba akaunti iliyozinunua. Kama muuzaji alipakua programu kwa akaunti yake siku ya kwanza, basi wakati wa kurejesha, simu huweza kudai nywila ya muuzaji huyo, ingawa akaunti yako umeshaiingiza sawasawa. Hapo unaweza kuruka hatua hiyo na kuendelea. Vitu vyako vitarudi, ila programu zile hazitatumika mpaka nywila ipatikane.

Kwa hiyo nywila inapodaiwa, usianze kubahatisha, maana ukikosea mara nyingi unaweza kufungiwa kwa muda. Soma jina la akaunti au la programu inayouliza. Usimtajie mtu tarakimu ulizotumiwa, hata akidai anapiga kutoka kampuni ya simu. Namba ya tapeli iripoti kwa kuituma kwenda 15040. Wala usikawie, kwa sababu nakala ya Android inaweza kufutwa simu isipotumika kwa siku 57. Zaidi ya yote, andika akaunti na nywila za wazee wako kwenye daftari linalokaa nyumbani, mahali pa salama. Fundi ana simu nyingi za kukumbuka. Mama yako ana moja.

Maswali

1. Taja makufuli manne yaliyokutwa na mama huyu, na ueleze nani alikuwa na ufunguo wa kila moja.
2. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika kifungu: (a) hayakuisaza (b) aivunje (c) walioruka (d) patupu.
3. Kwa nini kurudisha laini kabla ya kununua simu kulikuwa uamuzi wa busara?
4. Kwa nini picha zilirudi lakini madeni hayakurudi?
5. Onesha jinsi methali "Mali bila daftari hupotea bila habari" inavyooana na kifungu hiki. Toa hoja mbili.
6. Fupisha aya ya pili na ya tatu kwa maneno yasiyozidi 40.

Mwongozo wa majibu

1. La mmiliki wa zamani (yeye mwenyewe). La akaunti ya Google (fundi aliijua nywila, lakini laini ya mama ikaleta njia nyingine). La skrini ya simu ya zamani (mama). La nakala ya WhatsApp (mpwa, ambaye aliisahau).

2. (a) Hayakuiacha nzima, yaliiharibu. (b) Aondoe ulinzi wa simu kwa nguvu, si kuipasua. (c) Waliokana deni. Angalia: katika aya ya tano "kuruka hatua" ni kuiacha na kwenda inayofuata. Neno ni moja, maana ni mbili. Mtahini hutazama muktadha. (d) Mahali pasipo na kitu.

3. Tarakimu za uthibitisho zilitumwa kwenye namba hiyo. Bila laini, akaunti isingefunguka.

4. Picha zilikuwa chini ya akaunti iliyopatikana tena. Madeni yalikuwa katika nakala yenye nywila ya pekee iliyosahauliwa, na simu ambayo ingetumika kuibadilisha ilikwisha kufa.

5. Kwanza, madeni hayakuandikwa popote nje ya simu, ndiyo maana wengine waliruka. Pili, nywila hazikuandikwa, hivyo mali ikawepo bila kufikika. Anayetaja hoja ya kwanza tu amejibu nusu ya swali.

6. Mfano: Simu iliyotumika iliuliza akaunti ya mmiliki wa zamani, naye akaiondoa. Kisha ikauliza nywila ya akaunti ya mama, ikabadilishwa kwa tarakimu zilizotumwa kwenye laini yake. Mwisho ikauliza namba ya siri ya skrini ya simu ya zamani, ambayo mama aliijua. (Maneno 38)

Katika ufupisho, usiingize mazungumzo ya mama na binti wala miaka. Hesabu maneno, kisha andika idadi yake mwishoni.