DAWA YA KUTULIZA HASIRA KALI

Somo kwa mama wote wa kliniki

Mama mmoja alikuwa na binti wa miaka 19. Akikaripiwa kidogo, au rafiki akikosa kuja, hasira yake iliwaka mara moja. Alivunja sahani, alipiga wadogo wake, alijikata mkono kwa wembe. Kisha alilia na kuomba msamaha. Jirani akasema: "Mutoto yangu alipewa Haldol, akatulia. Kamata hivi vidonge." Siku ya pili shingo ya binti ilipinda, macho yakageuka juu. Watu wakasema ni pepo. Hapana! Ilikuwa ile dawa. Muuguzi alimpiga sindano ya kulegeza misuli, shingo ikanyooka.

Hasira inatoka wapi?

Sababu ni nyingi. Malaria ya kichwa, kifafa, pombe, bangi, au ugonjwa wa akili baada ya kuzaa unaweza kumfanya mtu kuwa mkali. Kwa hiyo munganga anapima kwanza. Lakini kuko watu ambao tangu ujana moyo wao unageuka haraka. Wanaogopa sana kuachwa, wanapenda leo na kuchukia kesho, wanajiumiza. Waganga wanauita ugonjwa huu bordalaini. Wengi wao walipata mateso utotoni, na hapa Ituri vita imegusa nyumba nyingi. Hawafanyi makusudi.

Dawa inafanya kazi gani?

Klopromazini ilianza kutibu wagonjwa wa akili Ufaransa mwaka 1952. Haloperidoli, ndiyo Haldol, ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958. Dawa hizi haziponyi bordalaini. Munganga anaweza kuzitoa wakati wa hatari kupunguza ukali, kidogo na kwa muda mfupi. Kinachosaidia zaidi ni kuzungumza kila juma na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Miaka ikipita, wengi wanapata nafuu.

Mama, angalia haya

1. Usimpe mtoto dawa ya jirani.
2. Shingo ikipinda, akitetemeka, au akishindwa kukaa mahali pamoja, rudi kwa muuguzi siku ileile.
3. Homa kali na mwili mgumu kama ubao ni hatari ya kufa. Usimpe dawa tena, mpeleke hospitali mara moja. Kutoka Aveba mpaka Bunia ni mbali, usingoje kesho.
4. Asinywe pombe. Akiwa na mimba au akinyonyesha, sema mbele ya kupokea dawa.
5. Vidonge vikae kwako. Ficha wembe na dawa za shamba.
6. Hasira ikiwaka, usipige, usimfunge kamba. Ondoa watoto wadogo, sema polepole, ngoja itulie.
7. Akisema anataka kufa, mwamini. Usimwache peke yake.

Maulizo

Kwa nini shingo ya binti ilipinda?
Dawa hizi zinaponya bordalaini?
Nyumbani kwako, vidonge vinakaa wapi?