Bonsai ya bure imeota juu ya ukuta

Bonsai, yaani mti unaolelewa mfupi ndani ya chungu kifupi, huuzwa ghali ikishatengenezwa, na mnunuzi hulipia zaidi ile miaka ambayo mtu mwingine ameihudumia. Malighafi yenyewe haina bei. Iko kwenye mfereji wa paa, kwenye ufa wa ukuta na chini ya mkwaju wa jirani, inaota bila kupandwa na hung'olewa kila usafi unapofanyika. Yafuatayo ni majibu kwa maswali ya kawaida ya wanaotaka kuanza na maotea ya aina hiyo.

Ni miche gani ifaayo zaidi?

Jamii ya mkuyu na mitini ya porini inaongoza. Ndege na popo hula tini, kisha huziacha mbegu pamoja na kinyesi mahali popote watuapo. Mche ulioota juu ya ukuta umeshazoea kuishi kwa udongo usiojaa kiganja, kwa hiyo chungu kifupi si kitu kigeni kwake. Hauogopi mkasi, majeraha yake huziba upesi, na aina nyingi huteremsha mizizi ya hewani inayoupa mti sura ya uzee.

Mkwaju hufuata. Vijani vyake ni vidogo tangu mwanzo, navyo hujikunja usiku. Mbuyu nao hunenepa shina ungali mdogo, ila wengi huung'oa bila kuutambua: majani yake ya kwanza ni jani moja moja, hayana ile sura ya vidole vilivyotandazwa ya mbuyu mkubwa.

Mwembe na mparachichi, ambayo kokwa zake huota zenyewe jalalani, ni migumu. Majani hupungua ukubwa kwa kupogolewa, lakini tunda halipungui. Embe la kawaida likining'inia kwenye mti wa sentimita 40 huharibu picha nzima.

Je, inaruhusiwa kuchukua mche porini?

Si kila mahali. Huko Japani kukusanya miti iliyodumazwa na upepo na miamba milimani ni desturi kongwe, lakini mireteni mizuri ya porini ilichukuliwa kwa wingi hadi ikawa adimu, na leo mingi hukuzwa vitaluni. Tanzania ina Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na Kenya ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016; kuchukua mazao ya msitu wa hifadhi kunahitaji kibali. Maeneo ya kale pia hayaguswi. Magofu ya Gede, karibu na Malindi, yana miti iliyoota katikati ya kuta za matumbawe, na miti hiyo sasa ni sehemu ya urithi wenyewe.

Kwenye ua wa mtu, ruhusa ya mwenyewe yatosha, na mara nyingi hufurahi kuondolewa mtini ambao mizizi yake ingekuja kupasua ukuta wake.

Unang'olewaje usife?

Wakati mzuri ni mvua zinapoanza, za masika au za vuli. Mwagilia jioni iliyotangulia, kisha chimba kwa kuzunguka mche badala ya kuuvuta. Mzizi mkuu ulioshuka wima hukatwa, mradi ibaki mizizi myembamba ya pembeni. Mkwaju, wenye mzizi mkuu mrefu, ukatwe kwa awamu mbili. Mbuyu una kiazi chini. Ukikikata, acha jeraha likauke kwanza ndipo uupande.

Kwa mtini uliokwama kwenye ufa, usipasue ukuta. Kata shina, futa utomvu, ulichomeke kama kipando. Aina nyingi hutoa mizizi.

Punguza majani, uweke mche kivulini wiki mbili tatu, na mbolea isubiri hadi majani mapya yatoke.

Udongo wa bustani unafaa?

Peke yake, hapana. Ndani ya chombo kifupi hushikamana, maji yakatuama na mizizi ikaoza. Ponda matofali ya kuchoma, uchekeche, ubakize punje za milimita 3 hadi 6. Zichanganye na kokoto ndogo na mboji kidogo. Vumbi linalopita kwenye chekeche litupwe, kwa sababu ndilo linaloziba njia za maji.

Mbona miaka inapita na shina bado jembamba?

Kwa sababu mche umewahishwa kwenye chungu cha bonsai. Hili ndilo kosa linalowakwamisha wengi: shina hunenepeshwa na majani mengi na mizizi yenye nafasi, na chungu kifupi kinanyima vyote viwili.

Njia ya wakuzaji wa vitaluni ni tofauti. Mche ukiwa bado laini na mwembamba kama njiti ya kiberiti, huzungushiwa waya wa alumini kuanzia chini kwa mshazari wa nyuzi 45, kisha hukunjwa mara mbili tatu katika sentimita chache za mwanzo, kila mkunjo ukielekea upande wake. Mikunjo hiyo haiwezekani tena shina likishakuwa gumu. Waya hutolewa kabla haujazama kwenye gome; kwa mtini unaokua haraka, ukaguzi ni wa kila wiki.

Baada ya hapo mche hupandwa ardhini juu ya kigae, ili mizizi itawanyike pembeni badala ya kushuka. Huachwa urefuke ovyo kwa miaka kadhaa. Shina likifikia unene unaotakiwa hukatwa chini, chipukizi moja ikaachwa iwe kilele kipya, nayo ikinenepa hukatwa tena. Hivyo ndivyo mti mfupi unavyopata shina pana chini na jembamba juu.

Huku si kuutesa mti?

Mti hufa kwa kiu au kwa mizizi kuoza, udogo hauuui. Msonobari mweupe wa familia ya Yamaki wa Hiroshima umelelewa chunguni tangu mwaka 1625. Ulinusurika bomu la atomiki la tarehe 6 Agosti 1945, ukapewa Marekani mwaka 1976, na uko hai mjini Washington.

Basi chungu kifupi kinaingia lini?

Shina likishanenepa na majeraha makubwa yakishaziba. Kwanza mti uhamishiwe kwenye beseni la plastiki lililotobolewa chini, ukae humo wakati matawi madogo yakipogolewa na kugawanyika. Kila uhamisho hupunguza sehemu ya mizizi minene na kuacha ile myembamba. Mti ubaki nje penye jua, na umwagiliwe kila udongo wa juu unapoanza kukauka. Mbuyu uliopukutisha majani wakati wa kiangazi ni mbali: huo huachwa mkavu hadi uchipue tena.