Dondoo muhimu: Utitiri mlaji ndani ya kitalunyumba

Phytoseiulus persimilis, utitiri mlaji mdogo wa rangi ya chungwa, hula utitiri mwekundu pamoja na mayai yake. Mwachilie mara uonapo vidoa vya kwanza vya manjano kwenye majani ya matango. Utando wa utitiri mwekundu ukishatanda, umechelewa. Chupa yenye utitiri mlaji ikifika usiiweke, watawanye jioni hiyohiyo juu ya majani yaliyoshambuliwa. Unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 60, mayai ya utitiri mlaji hayaanguliwi vizuri, kwa hiyo lowesha njia za kitalu. Kwenye nyanya usimtegemee sana: vinyweleo vya shina humnasa.

Kinachowaangusha wengi ni dawa za wadudu. Masalia ya dawa za pairethroidi huweza kumuua hata wiki kadhaa baada ya kupulizia. Utitiri wekundu wachache wakibaki, waache. Utitiri mlaji hana chakula kingine.