SOMO: WAYA WA FENI ULIOKATIKA

Feni ndogo ya mezani ni mali ya chama, na huandikwa katika daftari la mali pamoja na mizani na makabati. Hata hivyo, inapogoma kuzunguka, mara nyingi huwekwa stoo na kamati ikaombwa fedha za kununua nyingine, ilhali kilichokatika ni waya tu.

Kwanza plagi sharti ichomolewe ukutani. Kuzima swichi ya feni hakutoshi, kwani waya hubaki na umeme mpaka kwenye swichi hiyo.

Waya hukatika zaidi pale unapokunjwa kila siku, yaani unapotoka kwenye plagi na unapoingia katika kitako cha feni. Ganda huweza kuwa zima na shaba ya ndani imekatika. Hakika hupatikana kwa betri mbili na balbu ya tochi ya kizamani: kila waya uunganishwe nazo kutoka mguu wa plagi hadi ncha yake ya ndani. Balbu ikiwaka, waya ni mzima. Fyuzi nayo hupimwa vivyo hivyo.

Wengi husokota ncha mbili na kuzizungushia selotepu. Kiungo hicho hulegea na kupata joto, na ofisi inayopakana na magunia ya pamba au korosho haiwezi kustahimili cheche hata moja. Yafaa kipande kibovu kikatwe chote, na waya uliobaki, ingawa mfupi, ufungwe upya. Ukiwa umekatika katikati, ununuliwe mwingine.

Rangi zizingatiwe. Kahawia ni waya wa moto, nao huenda kwenye mguu wenye fyuzi. Bluu ni nyutro. Kijani chenye mstari wa njano ni wa ardhi. Katika nyaya za zamani rangi hizo ni nyekundu, nyeusi na kijani. Kibano cha plagi kishike ganda la nje, si nyuzi za shaba.

Feni ya wati 50 kwenye umeme wa volti 230 hutumia kama ampea 0.2 tu. Basi fyuzi ya ampea 3 yatosha. Ile ya 13 huweza kuacha waya mwembamba uungue kabla yake, na msumari uliowekwa mahali pa fyuzi haulindi chochote.

Iwapo waya na fyuzi ni vizima na feni bado haizunguki, hitilafu iko ndani zaidi, na feni ipelekwe kwa fundi wa umeme.