Nyuzi, Namba na Majina: Tulivyolipa Madukani Kutoka Likoni Hadi Msambweni

Jumamosi moja tuliamua kushika njia ya kusini. Mwenzetu mmoja hapa ofisini hufuma vitambaa vya meza kwa krosheti, na alikuwa na oda ya harusi ya Msambweni: vitambaa sita, rangi ya damu ya mzee, vyote vilingane. Uzi ulimwishia akiwa amemaliza vinne. Tukasema twende naye duka kwa duka, na huku tutazame jinsi watu wanavyolipa vitu vidogo vidogo barabarani.

Kwanza, jambo moja kuhusu uzi. Karatasi iliyozungushiwa donge huwa na namba ya rangi, na mara nyingi kuna namba nyingine ya kundi, yaani madonge yaliyotiwa rangi pamoja kiwandani. Jina la rangi linaweza kuwa lile lile, lakini kundi likitofautiana, kitambaa ukikitoa juani unaona mstari. Kwa hivyo mfumaji akikutana na kundi lake hununua hapo hapo, kabla mwingine hajalichukua. Ndiyo ile haraka inayofanya mtu abonyeze simu bila kusoma.

Mtaa wa Biashara, Mombasa, sifa yake ni leso na vikoi. Nyuzi tulizipata, kundi letu hatukuliona. Tukavuka feri.

Kombani, pale njia panda ya Kwale, tulisimama kwa fundi cherehani ambaye pembeni anauza uzi na vifungo. Madonge matatu ya kundi letu, shilingi 450! Mwenzetu akaingiza namba ya tili iliyobandikwa ukutani. Kabla hajaweka namba ya siri, jina likatokea: la mwanamume. Kibao cha nje kina jina la mama.

"Samahani mama, hili jina ni la nani?"

"La mume wangu, mwanangu. Yeye ndiye aliyesajili."

Akatuonyesha ujumbe wa mteja aliyelipa kabla yetu, umeingia kwenye simu yake mwenyewe. Tukalipa. Jina kuwa tofauti na kibao si lazima uwe wizi, maana biashara nyingi ndogo husajiliwa kwa jina la mtu wa nyumbani. Lakini muulize, na umuulize kabla ya namba ya siri. Huyu mama hata alifurahi kuulizwa. Alisema kila asubuhi huangalia kama kuna mtu amebandika karatasi nyingine juu ya namba yake. Hilo, kusema kweli, sisi wenyewe hatukuwa tumelifikiria.

Ukunda ndiko tulikochomeka. Duka lilikuwa na madonge manne, shilingi 700. Kijana wa duka akasema simu ya tili amekwenda nayo tajiri, "nitumie tu kwa namba yangu, na uweke ya kutolea." Kwenye tili mnunuzi kwa kawaida hakatwi ada; hapa mwenzetu alilipia kutuma na akamlipia kijana kutoa. Sawa, uzi ulikuwa unatakikana. Kijana akaitaja namba kwa mdomo, bodaboda zinanguruma, makanga wanaita abiria. Jina lilitokea, mwenzetu akalipitia juu juu, akabonyeza.

"Haijaingia, dada."

Alikuwa karibu kutuma tena. Tukamwambia asome ujumbe kwanza. Tarakimu moja ilikuwa imekosewa, na pesa zimekwenda kwa mtu tusiyemjua.

Ukifikwa na hilo, omba mrejesho wakati huo huo, usingoje ufike nyumbani. Kwa mtumiaji wa M-Pesa, unautuma ujumbe wote wa muamala kwenda 456. Mitandao mingine ina njia zake, piga huduma kwa wateja kwa namba iliyo kwenye programu yako. Dakika zina maana kwa sababu mrejesho unategemea pesa kuwa bado zimo kwenye akaunti ya aliyezipokea. Akishazitoa, hakuna cha kuzuiwa, umebaki na uungwana wake.

Na wewe uliyepokea pesa za mtu, ukipigiwa simu urudishe, usitume kutoka mfukoni mwako. Mwambie aombe mrejesho rasmi. Wapo wanaokulilia uwarudishie, halafu wanaomba mrejesho pia, wanakula mara mbili. Wengine hawajatuma hata senti, ni ujumbe wa kughushi tu, kwa hivyo angalia salio lako kwanza.

Jibu lilitukuta tukiwa njiani kuelekea Msambweni: ombi limeshindikana, salio la mpokeaji halitoshi. Mwenzetu alikuwa ameshalipa shilingi 700 nyingine pale Ukunda, safari hii kijana ameiandika namba yake mwenyewe kwenye simu yetu, na jina tukalisoma kwa sauti. Faida ya kitambaa kimoja ikawa imekwenda.

Msambweni tulifika magharibi, shangazi yake bibi harusi akavitandika vile vinne kitandani, akavigeuza, akauliza viwili vilivyobaki ni lini. Wiki mbili, akaambiwa. Vilikamilika, na donge moja likabaki. Namba ya fundi wa Kombani mwenzetu ameiweka kwenye simu hivi: "Uzi Kombani, jina litatokea la mume."